Siku Ondoa Moja, Saa Geuza Sita: Kutaja Wakati kwa Kiajemi

Mswahili anayeanza Kiajemi hufurahi mapema akifika kwenye somo la wakati, kwa sababu maneno mengi anayakuta kama ameshawahi kuyasikia. Saa ni *sâ’at*, dakika ni *daghighe*, wakati ni *vaght*, Ijumaa ni *jom’e*. Raha hiyo ndiyo inayomponza. Akiambiwa *doshanbe, sâ’at-e do*, anasikia “mbili” mara mbili, na *do* kwa Kiajemi kweli ni mbili. Anafika Jumapili saa mbili asubuhi. Aliyemwalika alimaanisha Jumatatu saa nane mchana.

Basi shida yako katika somo hili si ugeni wa Kiajemi, bali ni ule ukaribu wake na Kiswahili. Lugha zote mbili zinahesabu siku kwa namba na kutaja saa kwa namba, ila kila moja imeanzia pengine. Ukizijua tofauti mbili tu, ya siku na ya saa, yaliyobaki ni msamiati. Mwongozo huu ni wa anayekwenda kusoma Qom, anayefanya biashara na Wairani Dubai au Bandar Abbas, na yeyote aliyeamua kujifunza lugha hii akiwa nyumbani kwake. Mifano mingi ni ya Kiajemi cha Iran.

Sauti kwanza

Hapa Kiajemi kimeandikwa kwa herufi tunazozijua. Sh, ch, j, gh na kh zisome kama katika shamba, chakula, jana, ghali na kheri. Herufi *â* ni a ndefu, mdomo wazi na midomo ikielekea kwenye o. *A* ya kawaida ni fupi na inaegemea e kidogo. Alama ya ’ ni kukatika kidogo kwa pumzi, mabaki ya ain ya Kiarabu. Katika mazungumzo ya haraka huisikii sana.

Maneno ya Kiarabu yaliyoingia katika lugha zote mbili hubadilika sauti kwa utaratibu. Dh yetu kwao ni z: adhuhuri ni *zohr*, Ramadhani ni *Ramezân*. Th yetu ni s: hadithi ni *hadis*. W yetu ni v: wakati ni *vaght*. Ukiyashika haya matatu, utakisia maneno mengi kabla ya kufungua kamusi.

Namba unazohitaji

Kwa saa zinatosha kumi na mbili za mwanzo: *yek, do, se, chahâr, panj, shesh, haft, hasht, noh, dah, yâzdah, davâzdah*. Kwa dakika ongeza *pânzdah* (15), *bist* (20), *si* (30), *chehel* (40) na *panjâh* (50). Namba huunganishwa kwa *-o*, inayofanya kazi ya “na” yetu: ishirini na tano ni *bist-o panj*.

Jizoeze pia kuzisoma zikiwa zimeandikwa, maana mabango ya maduka, tiketi za basi na kalenda hutumia tarakimu za Kiajemi: ۱ ۲ ۳ ۴ ۵ ۶ ۷ ۸ ۹ ۰. Aliyesoma tarakimu za Kiarabu madrasa asijiamini kupita kiasi, kwani nne (۴), tano (۵) na sita (۶) zina umbo tofauti. Saba (۷) imefunguka juu, nane (۸) imefunguka chini. Hizi mbili ndizo zinazobadilishwa mno na wanaoanza. Ingawa maandishi ya Kiajemi huenda kutoka kulia kwenda kushoto, namba yenyewe husomwa kutoka kushoto, kama yetu.

Siku za juma: ondoa moja

Jumamosi: *shanbe* (شنبه)
Jumapili: *yekshanbe* (یکشنبه)
Jumatatu: *doshanbe* (دوشنبه)
Jumanne: *seshanbe* (سه‌شنبه)
Jumatano: *chahârshanbe* (چهارشنبه)
Alhamisi: *panjshanbe* (پنجشنبه)
Ijumaa: *jom’e* (جمعه)

Soma orodha hiyo kwa sauti, kisha itazame vizuri. Sisi tunahesabu kuanzia Ijumaa, kwa hiyo siku inayofuata ni ya mosi. Waajemi wanahesabu kuanzia *shanbe*, neno lenye asili moja na Sabato, na siku ile yenyewe haina namba. Jumapili ndiyo “shanbe moja”, Jumatatu “shanbe mbili”. Ndiyo maana kila namba ya Kiajemi iko nyuma ya yetu kwa moja: Jumatatu ni *do*, Jumanne ni *se*, Jumatano ni *chahâr*. Jumamosi ukiitoa moja inabaki sifuri, na *shanbe* kweli haina namba mbele yake.

Alhamisi haifuati kanuni hiyo, kwa sababu jina lake hatukulihesabu sisi. Limetoka kwenye Kiarabu, ambako namba moja ni ya Jumapili, kama kwa Waajemi. Khamis ni ya tano, na *panj* ni tano, kwa hiyo Alhamisi na *panjshanbe* zinaoana bila hesabu yoyote. Hatari iko hapohapo: Kiswahili kina siku mbili za “tano”, Jumatano na Alhamisi, na mwanafunzi akisikia *panj* hukimbilia Jumatano. Jiambie hivi mpaka ikae kichwani: *panj* ni Alhamisi, *chahâr* ni Jumatano.

Kama unataka mnara wa kukuongoza, shika jina la mji mkuu wa Tajikistan, Dushanbe. Mji huo ulikua kutokana na kijiji kilichokuwa na soko siku ya Jumatatu, na hadi leo umebeba jina la siku ya soko lake. Dushanbe ni Jumatatu. Hesabu kwenda mbele au nyuma kuanzia hapo.

Mtaani majina haya hufupishwa. N iliyo mbele ya b hugeuka m, hivyo utasikia *shambe*. *Chahârshanbe* huwa *chârshambe*, na *panjshanbe* huweza kupoteza j yake ikawa *panshambe*. Wewe tamka kwa ukamilifu mpaka masikio yazoee, hakuna atakayekucheka.

Kuuliza siku, Mwajemi anauliza namba yake: *Emruz chand shanbe-st?* Yaani leo ni shanbe ya ngapi. Jibu: *Emruz seshanbe-st*, leo Jumanne. Swali hilohilo hutumika hata kama jibu ni Ijumaa.

Viungo vitatu vitakusogeza mbali. *Az … tâ …* ni kutoka hadi: *az shanbe tâ chahârshanbe*, kuanzia Jumamosi hadi Jumatano. *Har* ni kila: *har doshanbe*, kila Jumatatu. Ukiongeza *-hâ* ya wingi unapata maana ileile ya mazoea: *jom’e-hâ khâne hastam*, siku za Ijumaa huwa nyumbani. Neno la kulitambua kwenye mlango wa duka ni *ta’til* (تعطیل), pamefungwa au sikukuu.

Juma ni *hafte*, kutokana na *haft*, saba. Nchini Iran linaanza Jumamosi. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, na Alhamisi ofisi nyingi ama hazifungui ama hufunga mapema. Kwa hiyo mtu akikuambia *avval-e hafte*, mwanzoni mwa juma, usingoje Jumatatu, anakusudia Jumamosi. Akisema *âkhar-e hafte*, mwishoni mwa juma, anasema Alhamisi na Ijumaa. Kalenda ya ukutani nayo inaanza Jumamosi upande wa kulia na kuishia Ijumaa upande wa kushoto, mara nyingi kwa rangi nyekundu. Juu ya safu huandikwa herufi za mwanzo tu: ش ی د س چ پ ج.

Saa: geuza sita

Saa ya Kiajemi ya leo huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, si kuanzia macheo na machweo. Saa moja asubuhi kwetu ni *haft*, saa mbili ni *hasht*, saa tatu ni *noh*. Saa sita mchana ni *davâzdah*, saa saba ni *yek*, saa kumi ni *chahâr*. Tofauti ni sita daima, mchana na usiku.

Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba usihesabu. Kuongeza sita kichwani huku mtu anakungoja ujibu kunachosha, na ukiwa na haraka utatoa pale ulipotakiwa kuongeza. Tazama simu yako. Kama imeandika 8:00, ulimi wako umezoea kusema “saa mbili” kwa sababu umejifunza tangu utotoni kutosema kilichoandikwa. Kwa Kiajemi sema kilichoandikwa. Inaonyesha nane, sema *hasht*. Weka hesabu ya sita kwa ajili ya kuhakiki tu, miadi inapokuwa muhimu.

Swali la kawaida ni *sâ’at chand-e?*, saa ngapi. Katika maandishi na hotuba huwa *sâ’at chand ast?* Ukimsimamisha mtu usiyemjua, tanguliza *bebakhshid*, samahani, na umwite *âghâ* kama ni mwanamume au *khânom* kama ni mwanamke: *Bebakhshid khânom, sâ’at chand-e?*

Majibu hujengwa hivi:

8:00 *hasht*, saa mbili kamili
8:10 *hasht-o dah daghighe*, saa mbili na dakika kumi
8:15 *hasht-o rob’*, saa mbili na robo
8:30 *hasht-o nim*, saa mbili na nusu
8:40 *bist daghighe be noh*, saa tatu kasoro dakika ishirini
8:45 *ye rob’ be noh*, saa tatu kasorobo

Robo ni *rob’*, neno lilelile. Nusu ya saa ni *nim*. Mpangilio unabadilika kwenye kasoro: sisi tunataja saa kwanza ndipo tuipunguze, wao wanataja dakika kwanza, kisha *be*, kisha saa inayokuja. *Bist daghighe be noh* ni dakika ishirini kufika tisa. Ukichelewa kusikia *be* utadhani wamesema kitu kuhusu ishirini, kwa hiyo sikiliza mpaka mwisho ndipo uandike.

Sasa njoo kwenye silabi ndogo inayobeba mzigo mkubwa, ile *-e* ya *sâ’at-e*. Ni kiungo kinachofunga neno na linalolifuata. *Sâ’at-e do* ni saa nane, mahali kwenye uso wa saa. *Do sâ’at*, namba ikitangulia, ni muda wa saa mbili. Kwetu “nimemngoja saa mbili” kunaweza kuleta utata, ndiyo maana wengine husema masaa mawili. Kiajemi kimeumaliza utata huo kwa mpangilio wa maneno. Linganisha:

*Sâ’at-e yek-o nim âmad.* Alikuja saa saba na nusu.
*Yek sâ’at-o nim mând.* Alikaa saa moja na nusu.

Ukitaka kusema jambo litatokea saa fulani, huhitaji kihusishi chochote, kama ilivyo kwetu. *Sâ’at-e panj miâyam*, nitakuja saa kumi na moja. Kuwahi kwa wakati ni *sar-e vaght*. Mapema ni *zud*, kuchelewa ni *dir*. Kama saa mbili hivi ni *hodud-e sâ’at-e hasht*. Na mtu akikupigia akisema *ye rob’ dige miresam*, anafika baada ya robo saa, au ndivyo anavyotumaini.

Jambo moja litakupa faraja. Iran nayo ilikuwa na desturi ya kuanzia saa kwenye machweo. Katika enzi ya wafalme wa Qajar watu walitega saa zao jua linapozama. Saa ya namna hiyo iliitwa *ghorub-kuk*, iliyotegwa kwa machweo. Kumbukumbu na maandishi ya safari ya zama hizo yamejaa maneno kama *se sâ’at az shab rafte*, saa tatu zimepita za usiku. Msomaji wa Tehran wa leo husimama akapiga hesabu. Wewe unasoma moja kwa moja: ni saa tatu usiku.

Sehemu za siku

Kwa kuwa *hasht* inaweza kuwa asubuhi au usiku, ongeza sehemu ya siku kwa kiungo kilekile: *hasht-e sobh*, saa mbili asubuhi; *hasht-e shab*, saa mbili usiku. Zilizobaki ni hizi:

*Bâmdâd*, alfajiri, hutumika sana kwenye taarifa za habari kwa saa za baada ya usiku wa manane
*Sobh*, asubuhi
*Zohr*, adhuhuri
*Ba’d az zohr*, baada ya adhuhuri
*Asr*, alasiri mpaka jioni
*Ghorub*, machweo
*Shab*, usiku
*Nesf-e shab*, usiku wa manane

Saa nane mchana ni *do-ye ba’d az zohr*. Saa nane usiku ni *do-ye nesf-e shab* au *do-ye bâmdâd*. Y imeingia pale kwa sababu *do* imeishia na irabu. Kwenye tiketi na fomu utakutana na ق.ظ, kifupi cha *ghabl az zohr*, kabla ya adhuhuri, na ب.ظ, baada yake.

Jana, leo, kesho na zaidi

Hapa Kiajemi kina mpangilio unaopendeza, na Kiswahili kinakifuata hatua kwa hatua.

*Pariruz*, juzi
*Diruz*, jana
*Emruz*, leo
*Fardâ*, kesho
*Pas-fardâ*, keshokutwa
*Pasân-fardâ*, mtondo

*Ruz* ni siku au mchana. Weka *shab* mahali pake upate usiku: *emshab* usiku wa leo, *dishab* jana usiku, *parishab* juzi usiku. Weka *sâl*, mwaka: *emsâl* mwaka huu, *pârsâl* mwaka jana, *pirârsâl* mwaka juzi. Kwa juma na mwezi tumia *pish* kwa uliopita na *ba’d* kwa ujao: *hafte-ye pish*, *hafte-ye ba’d*, *mâh-e pish*, *mâh-e ba’d*.

Usiku ni wa siku ipi?

Watu wa pwani wanaijua tofauti ya “Ijumaa usiku” na “usiku wa Ijumaa”, huu wa pili ukiwa ule wa kuamkia Ijumaa. Kiajemi kinayo tofauti hiyohiyo. *Jom’e shab* ni Ijumaa baada ya jua kuzama. *Shab-e jom’e* ni Alhamisi usiku, na Alhamisi jioni ndipo familia nyingi za Iran huzuru makaburi ya jamaa zao. Kanuni ni rahisi: siku ikitangulia, usiku unaifuata siku, *shab-e* ikitangulia, usiku unaiongoza siku.

Mgeni asiyeijua kanuni hii huikosa sherehe maarufu ya *Chahârshanbe-suri*, ambapo watu huruka juu ya mioto midogo kabla ya mwaka kwisha. Jina linasema Jumatano, na ni kweli inahusu Jumatano ya mwisho ya mwaka, lakini mioto huwashwa Jumanne jioni. *Shab-e Yaldâ*, usiku mrefu kuliko wote, nao hukeshewa jioni ya mwisho ya mwezi wa Âzar, tarehe 20 au 21 Desemba, kwa makomamanga, matikiti maji na mashairi.

Ukialikwa harusi, rudia siku kwa njia isiyo na utata: *panjshanbe shab?* Alhamisi usiku?

Miezi na mwaka

Kalenda rasmi ya Iran ni ya jua na inahesabu miaka tangu Hijra. Bunge liliipitisha kuwa sheria mwaka 1925, pamoja na majina ya miezi yanayotumika leo: *Farvardin, Ordibehesht, Khordâd, Tir, Mordâd, Shahrivar, Mehr, Âbân, Âzar, Dey, Bahman, Esfand*. Sita ya mwanzo ina siku 31, mitano inayofuata ina 30, na Esfand ina 29, au 30 katika mwaka mrefu. Mwaka huanza kwa *Nowruz*, tarehe 20 au 21 Machi kwa kawaida, na kila mwezi huanza kati ya tarehe 19 na 23 ya mwezi wetu.

Nowruz si jina geni Zanzibar. Nairuzi, sikukuu ya mwaka inayoadhimishwa Makunduchi kwa jina la Mwaka Kogwa, imetoka huko. Ila ya Makunduchi huangukia Julai, kwa sababu mwaka wa Nairuzi wa pwani ulihesabiwa siku 365 kamili bila siku ya nyongeza, ukawa unasogea kidogo kidogo. Wa Iran umefungwa kwenye siku ambayo usiku na mchana hulingana.

Kugeuza mwaka, ondoa 621 kama tarehe iko baada ya Nowruz, na 622 kama iko kati ya Januari na Nowruz. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963: toa 621, ni 1342. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa Januari 1964: toa 622, ni 1342 tena. Kwa kalenda ya Iran, yote mawili ni ya mwaka mmoja. Muungano wa Aprili 1964 tayari ni 1343. Kwa kurudi nyuma fanya kinyume: 22 Bahman 1357, siku ya ushindi wa mapinduzi ya Iran, ni 11 Februari 1979.

Tarehe huulizwa *emruz chandom-e?*, leo tarehe ngapi, na jibu huwa namba ya mpangilio kwa kuongeza *-om*: *panjom*, ya tano, *dahom*, ya kumi. Ya kwanza ni *avval*. *Avval-e Mehr*, tarehe mosi Mehr, shule hufunguliwa nchi nzima. Katika maandishi mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku. Kalenda za Iran mara nyingi huchapa tarehe tatu kwa kila siku: ya jua, *shamsi*, ya mwezi mwandamo, *ghamari*, na ya kimataifa, *milâdi*. Ukipewa tarehe ya hati, uliza ni ipi kati ya hizo.

Waafghani wanaozungumza Kiajemi, kwa *chand-e* husema *chand baja*, na saa mbili asubuhi ni *hasht baja*. Miezi yao ya jua imezoeleka kwa majina ya buruji: *Hamal, Sawr, Jawzâ, Saratân, Asad, Sonbola, Mizân, Aghrab, Ghaws, Jadi, Dalw, Hut*. Msomaji wa ukurasa wa nyota gazetini, anayejua Hamali, Thauri na Jauza, hana la kujifunza hapo.

Kabla ya kupiga simu

Tehran iko mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa nusu saa, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa moja na nusu. Iko nyuma ya Muscat na Dubai kwa nusu saa. Tangu Septemba 2022 Iran imeacha kubadilisha saa kwa majira, hivyo tofauti hizi hazibadiliki. Kabul ina saa moja zaidi ya Tehran. Ukipanga kuzungumza saa tatu asubuhi ya Dar es Salaam, kwa Tehran ni *noh-o nim-e sobh*.

Haya ni mazungumzo ya kuomba miadi kwa daktari wa meno, kama yanavyosemwa kwa simu. Kuomba miadi ni *vaght gereftan*, kuchukua wakati. Salamu ya *khaste nabâshid* ndiyo pole na kazi yao.

— *Salâm, khaste nabâshid. Barâ-ye doshanbe vaght dârid?*
Salamu, pole na kazi. Mna nafasi Jumatatu?
— *Doshanbe na, por-e. Chârshanbe, chahâr-o nim khub-e?*
Jumatatu hapana, pamejaa. Jumatano, saa kumi na nusu, sawa?
— *Ghabl az zohr nadârid?*
Kabla ya adhuhuri hamna?
— *Cherâ. Dah-o rob’.*
Ipo. Saa nne na robo.
— *Pas chârshanbe, dah-o rob’-e sobh. Mamnun.*
Basi Jumatano, saa nne na robo asubuhi. Ahsante.

Tazama mstari wa mwisho: mpigaji amerudia siku, saa na sehemu ya siku. Fanya hivyo kila mara. Mwenzako ataona adabu, nawe umepata nafasi ya kusahihishwa kabla mambo hayajaharibika. Tazama pia *cherâ*: ndilo neno la kumkatalia aliyeuliza kwa kukanusha. Ukijibu “hamna?” kwa *bale*, ndiyo, utamwacha hajui kama ipo au haipo.

Jipime

Sema kwa Kiajemi bila kurudi juu: (1) Jumanne saa moja na nusu asubuhi. (2) Alhamisi saa mbili kasorobo usiku. (3) Kila Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa saba. (4) Usiku wa kuamkia Ijumaa. (5) Saa tatu kwa maana ya muda, si ya saa ya ukutani.

Majibu: (1) *Seshanbe, sâ’at-e haft-o nim-e sobh.* (2) *Panjshanbe, ye rob’ be hasht-e shab.* (3) *Har shanbe, az sâ’at-e noh tâ yek.* (4) *Shab-e jom’e.* (5) *Se sâ’at.*

Ukikosa la kwanza au la pili, badilisha kalenda ya simu yako iwe ya Kiajemi kwa majuma mawili, na kila unapoitazama taja siku na saa kwa sauti. Ukikosa la tano, rudi kwenye *sâ’at-e do* na *do sâ’at*. Ukiyapata yote, piga simu.